Mzee Anaposema Polepole

Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu miendo ya pumzi, koo na ulimi, na jinsi umri unavyoibadilisha

Kijitabu hiki ni cha watu wanaoishi na wazee, wanaowahudumia, na wazee wenyewe. Kinajibu swali linaloulizwa sana kliniki na majumbani: Bibi siku hizi anaongea taratibu, sauti imekwaruza, je, akili inaanza kumtoka? Mara nyingi jibu ni hapana. Kinachobadilika kwanza ni mwili unaotengeneza usemi, yaani pumzi, nyuzi za sauti, ulimi na meno, pamoja na namna ubongo unavyoviongoza vyote hivyo kwa pamoja. Mtu anaweza kuwa na akili timamu kabisa huku mdomo ukichelewa kufika.

Tumeeleza pia jinsi wanasayansi wanavyoichunguza miendo hiyo kwa kuitengenezea modeli, kuanzia mashine za mvukuto na ngozi za karne ya 18 hadi programu za kompyuta za leo. Hatukufanya hivyo kwa kupamba kijitabu. Modeli hizo ndizo zinazoonyesha kwamba upole wa usemi wa mzee una hesabu yake. Mwenye haraka, anayetaka tu kujua lini ampeleke mzee hospitali, aanzie sehemu yenye kichwa "Umri au ugonjwa?"

Neno moja, kazi nyingi

Simama mbele ya kioo utamke neno ng'ombe, taratibu. Kabla sauti haijatoka, kaakaa laini, ile nyama iliyo nyuma kabisa ya paa la kinywa na kuishia kwenye kimio, imeshateremka ili hewa ipite puani. Sehemu ya nyuma ya ulimi imepanda na kuziba njia ya kinywa. Kooni, nyuzi za sauti zimesogeleana na zinatetemeka. Kisha ulimi unaachia na midomo inaviringa kwa ajili ya o. Ukitazama vizuri utaona midomo ilianza kuviringa mapema, wakati ng' bado inasikika. Inafuata m: midomo imefunga, hewa bado inapita puani. Halafu kaakaa laini linapanda na kuufunga mlango wa pua, midomo inafunguka kwa b, ulimi unasogea mbele kwa e. Yote hayo huchukua kama nusu sekunde, na hakuna aliyewahi kufundishwa hatua hata moja kati ya hizo.

Mtu anayezungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa silabi nne hadi sita kwa sekunde. Misuli inayoshiriki, kuanzia ya mbavu hadi ya midomo, hukadiriwa kuwa 100 hivi. Mingine hufanya mambo ambayo msemaji hayajui kabisa. Waongeaji wengi wa Kiswahili, kwa mfano, huliteremsha zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichopo kooni, kidogo wanapotamka b ya baba. Weka kidole juu ya kikoromeo useme baba, baba, kwa sauti ya kawaida, na huenda ukakihisi kikishuka.

Kazi yote hii huanzia mapafuni. Mtu aliyetulia hutumia takriban asilimia 40 ya muda wake wa kupumua kuvuta hewa na asilimia 60 kuitoa. Akianza kuzungumza, mgawanyo huo hubadilika sana: anavuta haraka, kwa asilimia 10 hivi ya muda, na asilimia 90 inayobaki anaitoa hewa kidogo kidogo huku akiigeuza maneno. Hewa hiyo inapopita katikati ya nyuzi za sauti huzitetemesha, kwa mwanamume mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde, kwa mwanamke kama mara 200. Mtetemo huo peke yake ni mlio usio na maana. Kinywa na koo, kwa kubadilisha umbo lake, ndivyo vinavyoufanya usikike kuwa a au i au u.

Mashine zilizosema kabla ya kompyuta

Mwaka 1779 Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg, Urusi, kilitangaza shindano: ni nani angeweza kueleza tofauti iliyopo kati ya irabu tano, a, e, i, o na u, na kutengeneza chombo cha kuzitoa? Ni irabu zilezile tano tunazozitumia katika Kiswahili. Aliyeshinda ni Christian Kratzenstein, profesa aliyekuwa akifanya kazi Copenhagen. Alitengeneza mirija mitano yenye maumbo tofauti ambayo kila mmoja, ukipulizwa, ulitoa irabu yake.

Wakati huohuo Wolfgang von Kempelen, mtumishi wa serikali ya Austria aliyezaliwa katika mji unaoitwa Bratislava leo, alikuwa na shughuli kubwa zaidi. Mashine yake ilikuwa na mvukuto badala ya mapafu, ulimi wa zumari badala ya nyuzi za sauti, na kinywa laini ambacho mwendeshaji alikibana na kukifungua kwa kiganja. Tundu mbili ndogo zilikuwa pua. Aliifanyia kazi kwa miaka 20 hivi na mwaka 1791 akachapisha kitabu kilichoeleza kila kipande chake. Wengi hawakumwamini, na hawakuwa na kosa: ni Kempelen huyohuyo aliyewahi kuzungusha Ulaya mashine ya kucheza sataranji ambayo ndani yake alikuwa amejificha mtu. Lakini mashine ya kusema ilikuwa ya kweli, na fundisho lake limedumu. Ukiwa na pumzi, kitu kinachotetemeka na umbo linalobadilika, unapata usemi. Ukiharibu kimoja, usemi unaharibika kwa namna ya hicho kimoja, na daktari anaweza kukitambua kwa sikio.

Nyuzi zenyewe zilionekana baadaye. Manuel García, mwalimu wa uimbaji, mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuliangalia koo lake mwenyewe akiwa anaimba. Madaktari wa koo duniani kote waliichukua mbinu hiyo. García aliishi hadi miaka 101.

Karne ya 20 iliyahamishia mambo haya kwenye hesabu. Wajapani Tsutomu Chiba na Masato Kajiyama mwaka 1941, kisha Gunnar Fant wa Sweden mwaka 1960, walionyesha jinsi umbo la njia ya sauti linavyoamua irabu ipi isikike. Mwaka 1972 Kenzo Ishizaka na James Flanagan walitoa modeli ya nyuzi za sauti ambayo kila uzi ulichukuliwa kuwa vipande viwili vyenye uzito, vilivyounganishwa kwa springi. Modeli hiyo ni sahili kupita kiasi, lakini ukiingiza hewa kwenye hesabu hizo nyuzi zinatetemeka zenyewe, na ukiilegeza springi au kuacha upenyo katikati, sauti inakwaruza. Kwa watu wanaochunguza sauti za wazee hicho ni kifaa cha thamani: wanaweza kuizeesha sauti ndani ya kompyuta, badiliko moja baada ya jingine, na kusikia kila moja linafanya nini.

Springi na shabaha

Hadi hapo tumezungumzia sauti. Mwendo wa ulimi na midomo ni jambo jingine, na lilihitaji wazo lake.

Chukua kalamu, iume kwa meno ya mbele, kisha useme mama, papa, baba. Taya haliwezi kusogea, lakini maneno yanatoka. Midomo imefanya kazi ya taya bila kuambiwa. Kwa hiyo ubongo hautoi amri kwa msuli mmojammoja. Unatoa shabaha, "midomo ifunge", na viungo vinagawana kazi kulingana na hali iliyopo. Watafiti wa Haskins Laboratories, huko New Haven, Marekani, waliliandika wazo hili kihesabu katika miaka ya 1980. Kwenye modeli yao kila mwendo wa usemi una shabaha, na kiungo kinavutwa kuelekea shabaha hiyo na springi ya kufikirika iliyowekewa kizuizi ili isipitilize na kuanza kuyumba. Springi ikiwa ngumu, mwendo ni wa haraka. Ikilegea, mwendo unachelewa. Miendo ya sauti jirani hupishana, ndiyo maana midomo yako iliviringa mapema kwenye ng'ombe.

Kuna kanuni nyingine iliyotoka kwenye mkono na kuhamia mdomoni. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Shabaha ndogo iliyo mbali huchukua muda mrefu. S ni shabaha ndogo, kwa sababu ulimi lazima uache mfereji mwembamba sana chini ya ufizi wa juu, na kosa la milimita moja linageuza sauti. A ni shabaha pana, ukikosea kidogo hakuna atakayejua.

Nani anajua kama shabaha imefikiwa? Masikio, na hisia za ngozi ya ulimi na midomo. Frank Guenther wa Chuo Kikuu cha Boston ametumia miaka mingi kujenga modeli iitwayo DIVA inayoonyesha ubongo ukifanya mambo mawili kwa pamoja: kutuma amri zilizozoeleka tangu utotoni, na kuzisahihisha kwa kile unachosikia na kuhisi. Mtoto hutegemea sana usahihishaji. Mtu mzima hutegemea zaidi mazoea, lakini masikio hayaachi kusimamia.

Kuyapima haya kwa mtu aliye hai si rahisi, maana ulimi umejificha. Kuna maabara zinazobandika vihisio vidogo vya milimita chache ulimini na midomoni kwa gundi ya kitabibu, kisha kufuatilia mahali vilipo kwa sumaku, mara mamia kwa sekunde. Nyingine, kama ile ya Chuo Kikuu cha Southern California, hutumia mashine ya MRI kupiga picha zinazofuatana upesi hivi kwamba unauona ulimi mzima ukicheza ndani ya kinywa. Anayezitazama video hizo kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi ulimi ulivyo mkubwa. Ile ncha tunayoiona kwenye kioo ni sehemu ndogo tu.

Umri unapoingia

Tuanze na pumzi. Baada ya miaka 25 au 30 hewa tunayoweza kuitoa kwa nguvu ndani ya sekunde moja hupungua kidogo kila mwaka, kama mililita 30, hata kwa asiyevuta sigara. Mbavu hukakamaa na mapafu hulegea. Kijana anasema sentensi ndefu kwa pumzi moja na kubakiwa na akiba. Mzee huikata mara mbili au tatu, wakati mwingine katikati ya wazo, na mjukuu asiye na subira hudhani amemaliza.

Zoloto ni gegedu, na gegedu zake kubwa huanza kugeuka mfupa hata kabla ya miaka 30, kwanza kwa wanaume. Nyuzi zenyewe ni msuli uliofunikwa na tabaka laini. Msuli hukonda, tabaka hupoteza unyumbufu, ute unaolainisha hupungua. Nyuzi zikikonda hupinda na haziwezi kukutana vizuri katikati, hewa inavuja, na hapo sauti inakuwa na upepo, inachoka haraka, na inakataa kupanda juu mzee anapotaka kumwita mtu aliye uani. Madaktari wanayajumuisha mabadiliko haya kuwa uzee wa sauti, na hawauhesabu kuwa ugonjwa.

Wanaume na wanawake hawazeeki sauti kwa namna moja. Baada ya hedhi kukoma, homoni zikibadilika, nyuzi za mwanamke hunenepa kidogo na sauti hushuka. Nyuzi za mwanamume mkongwe hukonda na sauti yake hupanda. Ndiyo maana kwenye simu watu humwita babu "bibi", na bibi "mzee". Msomaji wa pwani anaijua sauti ya Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mkongwe ambaye hata mwaka wake wa kuzaliwa haukujulikana kwa hakika. Aliimba uzeeni kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX ya muziki wa dunia. Hakuna aliyemtaka aimbe kama binti wa miaka 20. Alivuta sigara pia, na tunalisema hilo mapema kabla msomaji hajatukumbusha: sigara huinenepesha na kuikwaruza sauti, lakini pia ndiyo chanzo kikubwa cha saratani ya koo.

Meno yana kesi yake. F na v huhitaji meno ya juu yaguse mdomo wa chini, na th na dh huhitaji ncha ya ulimi kati ya meno. Mzee aliyeng'olewa meno ya mbele hupata taabu kwenye fedha, thamani na thelathini, lakini mama na kuku anazitamka bila shida. Akiwekewa meno ya bandia, ulimi hukuta paa jipya na kuta mpya, na s huweza kutoka na filimbi kwa wiki kadhaa mpaka ubongo upange shabaha upya. Asiyafiche kabatini. Asome kwa sauti nayo mdomoni kila siku kidogo.

Masikio nayo huanza kupoteza sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazobeba s, sh, f na th. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja: mzee hasikii vizuri sauti hizo kwa wengine, na hana tena msimamizi mzuri wa kuzisahihisha kinywani mwake.

Juu ya haya yote kuna kutafuta neno. Wazee hupata mara nyingi zaidi ile hali ya neno kuwa kwenye ncha ya ulimi, hasa majina ya watu. Anamjua mtu, anajua mtaa wake, baba yake na kazi yake, jina haliji. Msamiati wake haujapungua, na kwa wengi huendelea kukua hadi uzeeni. Kilicholegea ni njia kati ya maana na sauti.

Anapunguza mwendo mapema

Tafiti nyingi zimekuta kwamba wazee wenye afya hutamka polepole kuliko vijana, hadi kwa robo hivi katika baadhi ya vipimo. Kwa muda mrefu jambo hilo lilielezwa kwa neno moja tu, udhaifu. Modeli za miendo zimefanya swali liwe kali zaidi. Kama misuli imelegea tu, ungetegemea mwendo mzima urefuke kwa usawa, kuanzia unapoanza hadi unapofika. Vihisio vya ulimini havionyeshi hivyo. Katika Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, na kwingineko, watafiti wamewalinganisha wazee na vijana na kuona kwamba kinachorefuka sana ni sehemu ya mwisho, pale ulimi unapoikaribia shabaha. Anayeegesha gari mahali pembamba usiku hufanya vivyo hivyo: anakuja vizuri, kisha anakanyaga breki mapema na kumalizia kwa kunyata.

Mwendo wa namna hiyo una sababu mbili zinazowezekana, na huenda zote zipo. Misuli ya ulimi inachelewa kuitikia, hilo ni kweli. Lakini pia ubongo unapopokea habari hafifu kutoka masikioni na ulimini, njia salama ya kuifikia shabaha ndogo bila kuikosa ni kuikaribia taratibu. Kwa maoni yetu sababu ya pili haipewi uzito unaostahili. Mzee huyu hajashindwa kusema haraka. Amechagua, bila kujua, kusema ili aeleweke. Ukimharakisha unamnyang'anya hicho hicho kinachomfanya aeleweke.

Ushahidi mwingine, wa jinsi sauti yenyewe inavyozeeka, umetoka redioni. Mtafiti akiwalinganisha kijana mmoja na mzee mwingine hajui tofauti ipi ni ya umri na ipi ni ya mtu. Mtaalamu wa fonetiki Jonathan Harrington na wenzake walitafuta watu waliorekodiwa kwa miongo mingi. Walichukua hotuba za Krismasi za Malkia Elizabeth II wa Uingereza, zilizoanza 1952, na baadaye vipindi vya mtangazaji Alistair Cooke, aliyesoma barua yake kutoka Marekani kwenye BBC tangu 1946 hadi 2004, alipostaafu akiwa na miaka 95 na kufariki wiki chache baadaye. Sauti ya Malkia ilishuka kadiri miaka ilivyokwenda, na mlio wa irabu zake ukashuka pamoja nayo. Ya Cooke nayo ilishuka kwa miaka mingi, kisha ikaanza kupanda uzeeni kabisa.

Kwetu hazina ya namna hiyo ipo. Hotuba za Mwalimu Nyerere zimerekodiwa tangu enzi za kudai uhuru hadi miaka ya 1990, kwa Kiswahili, mtu mmoja, mara nyingi kwenye mkutano wa hadhara. Kwa mtafiti wa sauti anayetafuta kazi ya kufanya, tunaona hapo pana kazi.

Umri au ugonjwa?

Uzee huja kwa miaka. Kinachokuja kwa dakika au kwa wiki si uzee.

Usemi ukiharibika ghafla, maneno yakavurugika au yakawa mazito, uso ukapinda upande mmoja, au mkono mmoja ukakataa kunyanyuka, chukulia ni kiharusi na mpeleke mgonjwa hospitali muda huohuo. Kumbuka saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza. Usimlaze kwanza uone kama atapata nafuu. Usimpe chai wala dawa ya kumeza, anaweza kupaliwa. Hata dalili zikiondoka zenyewe baada ya nusu saa, aende tu. Mara nyingi hiyo ni kengele ya kiharusi kikubwa kinachokuja.

Sauti kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu au nne bila mafua ni sababu ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo, na kwa anayevuta sigara au kutumia ugoro asingoje hata kidogo. Uvimbe shingoni, damu kwenye makohozi, maumivu ya kumeza, kupungua uzito, kukohoa kila anapokunywa maji: hizi zote hazina uhusiano na kuzeeka. Viungo vinavyosema ndivyo vinavyomeza, kwa hiyo matatizo yake huandamana.

Ugonjwa wa Parkinson hujificha zaidi. Sauti inakuwa ndogo na bapa, maneno yanakimbiliana, uso unakauka tabasamu, na mgonjwa mwenyewe anasisitiza kwamba anaongea kwa sauti ya kawaida na kwamba ninyi ndio mmekuwa viziwi. Hadanganyi. Ubongo wake umekosea kipimo. Tangu 1987 kuna mazoezi yaliyotengenezwa kwa wagonjwa hawa na kupewa jina la mgonjwa mmoja wa Arizona, Lee Silverman, ambayo shabaha yake ni moja tu: ongea kwa nguvu. Mengine, pumzi, midomo na ulimi, hufuata yenyewe.

Kusahau jina na kulikumbuka jioni ni kawaida. Kuita sufuria "kile kitu" kila siku, kurudia hadithi moja mara tatu katika saa moja, au kupotea njia ya msikitini au kanisani aliyoipita miaka 40, ni jambo la kumwambia daktari.

Kinachoweza kufanyika

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa. Mwombe mzee avute pumzi na aseme aaaa kwa muda wote awezao, ukitazama saa. Mtu mzima mwenye afya hufika sekunde 15 au zaidi, mzee hupungukiwa kidogo. Akiishia chini ya 10 mara kwa mara, pumzi yake au nyuzi zake zinafaa kuangaliwa. Kliniki watamwambia pia arudie pa-ta-ka, pa-ta-ka, haraka awezavyo. Silabi hizo zinapima midomo, ncha ya ulimi na nyuma ya ulimi kwa zamu, na mtaalamu husikia ni kituo kipi kinachochelewa.

Sauti inayotumika hudumu kuliko inayonyamazishwa. Kusoma kwa sauti gazeti, Kurani au Biblia, kuimba kaswida au kwaya, kuwasimulia watoto ngano jioni, vyote ni mazoezi. Kuna zoezi moja ambalo wataalamu hulipenda: chukua mrija, uuzamishe sentimita chache ndani ya glasi ya maji, kisha utoe sauti ya uuu kupitia mrija mpaka maji yatoe mapovu, kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Mgandamizo wa hewa unaorudi nyuma huzisaidia nyuzi kukutana bila kugongana.

Maji ya kunywa yanasaidia, kupunguza moshi wa kuni jikoni kunasaidia zaidi. Tangawizi na ndimu tuziache kwenye chai yake, ni tamu, lakini tusizitarajie zitibu nyuzi za sauti. Kinachomezwa hakipiti juu ya nyuzi hizo. Kikipita, utajua, kwa sababu utapaliwa.

Aliyepoteza usikivu apimwe masikio, na nta iondolewe na mhudumu wa afya, si kwa njiti. Unapozungumza naye kaa mbele yake penye mwanga, zima redio, sema kwa sauti ya kawaida iliyo wazi. Kupiga kelele huzipinda sauti na kumwonyesha kwamba umeudhika. Usimsemeshe kitoto pia. Aliyekuitikia marahaba asubuhi ni mtu mzima na anataka kuzungumzishwa kitu kizima. Akitulia katikati ya sentensi, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla hujasema lolote. Akilitafuta jina, mpe nafasi, na ukiombwa ndipo umsaidie.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianza kutoa shahada ya fani hiyo mwaka 2008, lakini mahitaji bado ni makubwa kuliko idadi yao. Daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa ndiye mlango wa kuanzia kwa familia nyingi, naye ataelekeza kwa mtaalamu kama yupo.

Rekodi za nyumbani

Programu za simu za kuandika kwa sauti na mifumo ya huduma kwa simu hukosea sana kwa wazee, kwa sababu zimefunzwa zaidi kwa sauti za vijana. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili zinazotolewa kwa hiari, na mzee yeyote mwenye mtu wa kumshikia simu anaweza kuchangia sentensi chache. Hilo ni la hiari kabisa, na aelezwe kwanza kwamba sauti yake itatumiwa na watu asiowajua.

Rekodi ya familia ni jambo tofauti, na hiyo tunaishauri kwa kila nyumba. Mara moja kwa mwaka, kwa ridhaa yake, mrekodi mzee kwa simu katika chumba kisicho na kelele, simu ikiwa umbali wa shibiri mbili hivi kutoka mdomoni. Ahesabu moja hadi ishirini. Aseme aaaa kwa pumzi moja. Asome au akariri kitu anachokijua kwa moyo, kilekile kila mwaka. Kisha asimulie kwa dakika mbili jambo lolote apendalo. Andika tarehe kwenye jina la faili na uihifadhi pia nje ya simu, maana simu hupotea. Siku sauti yake itakapowatia wasiwasi, mpelekeeni daktari rekodi zote, pamoja na orodha ya dawa anazotumia.